Shemeji Anataka Bwawa la Chumvi

Mimi naoga kwa kopo. Nalisema mapema ili tuelewane, maana hapa Rusimbi wameshaanza kuniita bosi wa mabwawa, na wakishasema hivyo wanatazamana. Ndoo ya lita ishirini, kopo la Blue Band, na mlango wa bafu ambao ukiufunga unafunguka na ukiuacha wazi unajibamiza wenyewe. Mimi na maji tunaishia hapo. Sasa mtu huyohuyo wa kopo ndiye amepewa kazi ya kuchagua mashine ya kutengeneza klorini kwa chumvi na umeme. Ya bwawa la kuogelea. La nyumbani kwa mtu.

Mwenye bwawa ni shemeji, kamuoa dada yangu, wanakaa Muscat. Ujiji na Oman mnajuana wenyewe. Huku kila ukoo una mtu wake kule, na kila mtu wa kule ana nyumba huku ambayo haiishi. Wenzake wanajenga fremu za maduka. Wengine wanachimba kisima, watu wanachota, wanaombewa dua. Shemeji kajenga bwawa. Nyumba yenyewe madirisha yamezibwa na mbao za maboksi, jikoni plasta hakuna, lakini bwawa limepigwa vigae vya bluu mpaka ukingoni. Kiwanja chake kiko juu ya changu kidogo, kwenye mteremko. Kila nikitoka asubuhi kupiga mswaki naliona lile, na lenyewe naona linaniona.

Utauliza, na ziwa je? Hata mimi niliuliza. Tuna Tanganyika hapa, kina mita 1,470, duniani linapitwa na Baikal peke yake, nchi nne zinalichangia na bado halijajaa watu. Bure. Huhitaji hata kibali. Nikamwambia shemeji kwenye simu, kwa adabu zote, kwamba mbona maji yapo. Akanijibu kuna kichocho. Akaongeza mamba. Akaongeza kwamba wavuvi wanachungulia. Halafu akamaliza: "Na lile ziwa lenu halina taa za chini, shem." Nikanyamaza. Mwenye hela akishataja taa za chini ya maji, wewe wa kopo unachangia nini?

Kwa nini mimi sasa? Eti kwa sababu niliwahi kufanya biashara ya maji. Ndugu yangu, niliuza maji ya kandoro stendi! Yale ya mfuko! Utaalamu wangu wote ulikuwa kukimbiza basi. Lakini dada alishamwambia mumewe kwamba mdogo wake anayajua maji, na ukikanusha sifa uliyopewa na dada yako mbele ya shemeji unamvunjia heshima. Basi nikakubali. Nikakohoa kitaalamu.

Nikaenda Mwanga kwenye duka la vifaa. Kijana wa kaunta kavaa spika moja sikioni, nyingine inaning'inia. Nikamwambia nataka mashine ya chumvi ya bwawa. Akaniuliza, "Uniti ngapi?"

Nikamwambia, "Sita."

"Sita tu?"

"Zimebaki sita, ila jioni nitanunua nyingine."

Akatoa spika sikioni. Mteja aliyekuwa nyuma yangu na bomba la inchi moja begani akageuka kutazama barabarani, mabega yanamtikisika. Kumbe mwenzangu anauliza uniti za maji, zile za kwenye bili, uniti moja lita 1,000. Mimi nimemjibu LUKU ya kwangu. Na zilikuwa sita kweli, sikudanganya mtu.

Akaniambia nirudi na vipimo. Urefu mara upana mara kina cha wastani, ndipo ujue bwawa linabeba kiasi gani, na bila hapo hakuna atakayekuuzia mashine ya maana. Sawa. Futi kamba sina. Ya fundi wa vigae iliishia pale pale aliposhika malipo yake ya mwisho. Nikaazima kipande cha mita mbili kwa fundi cherehani, kile cha kupimia viuno, nikaruka ndani ya bwawa nipime kina. Kushuka hakuna shida. Ngazi ya kutokea ndiyo hawajaifunga, imelazwa huko nje kwenye majani. Upande wa kina kifupi, wewe unasema mita moja si ungepanda tu? Kigae kile kipya, ndugu yangu. Kina vumbi la simenti juu. Niliweka goti, likateleza. Nikaweka tumbo, likateleza pamoja na mimi. Watoto wa madrasa wakapita. Hawakuita mtu mzima. Waliita kwanza watoto wenzao. Walipokwisha kutimia ndipo mmoja akaniuliza, "Shikamoo babu, umepotea?"

Babu!

Vipimo nilivipata lakini. Urefu mita 8, upana 4, huku mita 1 na kule mita 2, wastani wake moja na nusu. Uniti 48. Lita 48,000. Ndoo zangu za kuogea 2,400. Hesabu hiyo ya ndoo aliipiga binti yangu, yuko kidato cha tatu, na aliipiga bila kuombwa, akaniangalia usoni kuona kama imeniuma.

Binti huyu ndiye aliyeniharibia jina kabisa. Dada alikuwa ametuma sauti kutoka Muscat kwamba yeye anachotaka ni bwawa lisilo na klorini, ndiyo maana wanachukua la chumvi, klorini inamwasha macho. Mimi nikasema naam dada, chumvi ni kitu cha asili, klorini tumeipiga marufuku. Binti akasikia. Akasema, "Baba, hiyo mashine kazi yake ni kutengeneza klorini." Nikamwambia wewe ni mtoto. Akaenda ndani akarudi na bakuli, chumvi ya mezani, penseli mbili kachonga ncha zote, na betri za redio yangu. Za redio yangu, na mpira unaanza saa kumi!

Akachanganya chumvi na maji. Akatumbukiza penseli kila moja upande wake, nyaya zikaenda kwenye betri. Hatujakaa sana, mapovu. Penseli moja inatoa mapovu madogo madogo mengi, nyingine inatoa kidogo kidogo. Akaniambia ninuse, kwa mbali lakini. Mimi mtu akiniambia kwa mbali nasogea. Nikaingiza pua. Jiki, ndugu yangu! Jiki kavu, imepanda mpaka kwenye kichwa! Nikakohoa machozi yakatoka, mama watoto akaja mbio na kanga akidhani nimepaliwa na mwiba wa mgebuka.

Ndiyo mchezo wenyewe huo. Chumvi ni sodiamu na klorini zimeshikana. Umeme unaitoa klorini, inayeyuka kwenye maji, inaua wadudu, na ikishafanya kazi yake inarudi kuwa chumvi ileile. Inazunguka. Ndiyo maana chumvi haiishi, inapungua tu kwa maji yanayorushwa na watoto, yanayovuja na yanayomwagwa wakati wa kuosha filta. Kwenye mashine ya dukani badala ya penseli kuna sahani za titaniamu zimepakwa rutheniamu au iridiamu, ndiyo maana bei yake ukiisikia unatafuta pa kukaa. Wale wa misaada nao wana kidude cha Uswisi kinaitwa WATA, unatia gramu 25 za chumvi kwa lita moja ya maji, unachomeka hata kwenye sola, unapata dawa ya kusafishia maji ya kunywa pale pale kijijini. Sisi watu wa mwambao huu klorini tunaijua vizuri. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga na kipindupindu kikaingia, meli ya Liemba inawasomba kuwaleta Kigoma, uwanja wa Lake Tanganyika umegeuka kambi ya mapito, kila pembe ya mji ilinukia klorini. Tulinawa mpaka vidole vikapauka. Leo klorini hiyohiyo naitafutia mashine ili mtu apige mbizi na miwani ya jua.

Na ile ya macho kuwasha, binti akaimaliza vilevile. Klorini nzima hainuki sana wala haiwashi sana. Inayonuka na kuwasha ni ile iliyokwisha kukamatana na jasho na mkojo wa waogaji. Yaani bwawa likinuka klorini kali, ujue klorini imezidiwa na watu hawana adabu. Nikaona hii taarifa ni muhimu dada aipate. Nikarekodi sauti: "Dada, siku ile macho yalipokuwasha kwenye lile bwawa la huko kwenu, ujue kuna mtu alikojoa, na kama mlikuwa wenyewe ndani, basi mtafutane." Nikatuma.

Niliituma kwenye grupu la ukoo. Watu sitini na kitu. Mjomba wa Bujumbura akaweka kidole gumba. Shemeji akaandika "Asante shem" na nukta. Nukta ile sijaielewa mpaka leo.

Haya. Nikarudi dukani na uniti 48 zangu, kifua mbele. Kijana akanionyesha boksi, limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba linafaa bwawa mpaka lita 50,000. Nikashangilia moyoni, la kwetu 48,000, linaingia na chenji inabaki! Nikalipiga picha. Binti akaikuza picha kwa vidole viwili akasoma maandishi ya chini, yale wanayoandikia sisimizi. Kumbe zile lita 50,000 ni mashine ikifanya kazi saa 24. Mchana na usiku. Na mashine haifanyi kazi bila pampu kusukuma maji. Shemeji mwenyewe kashasema pampu ni saa nane kwa siku, LUKU anailipa yeye na bado inamuuma. Saa nane ni theluthi ya siku. Kwa hiyo boksi langu la lita 50,000 limebaki la lita elfu kumi na sita na kidogo. Hilo ni bwawa la bata.

Basi namba ya kuangalia si ile kubwa ya mbele. Ni gramu za klorini kwa saa. Bwawa lililo juani linaweza kula gramu 3 kwa kila uniti kwa siku, na jua la Kigoma mnalijua, halina utani. Uniti 48 mara 3 ni gramu 144. Mashine ya gramu 15 ukiiwasha saa nane inatoa 120, umeshafeli. Ya gramu 20 inatoa 160, umepita kwa kuchungulia. Ya gramu 30 inatoa 240, hapo hata wajukuu wa ukoo mzima wakiingia Idd na jasho lao inahimili, na siku za kawaida unaipunguza kasi inapumzika. Waliozoea mambo haya wanasema nunua yenye uwezo mara moja na nusu mpaka mara mbili ya bwawa lako. Kuna na dawa ya kuikinga klorini na jua, asidi ya sianuriki, bila hiyo unatengeneza asubuhi jua linakula mchana. Hiyo sitaifafanua. Niliitamka dukani, kijana akaniambia nirudie, nikashindwa, nikamwonyesha kwenye karatasi.

Nikampigia shemeji, nikamwambia tuchukue ya gramu 30. Nilijipanga. Nilikuwa na karatasi mkononi. Akanyamaza kidogo, halafu: "Shem, ya gramu 15 bei gani?" Nikamtajia. "Na ya 30?" Nikamtajia. Akacheka ile ya puani. "Na cha juu chako umeweka humo humo?"

Cha juu! Mimi niliyelala ndani ya bwawa kavu naitwa babu na watoto wa madrasa! Nauli ya bajaji kwenda Mwanga natoa mfukoni, betri za redio zimekufa, mpira sikuusikia. Nikaapa. Binti akaapa. Mama watoto aligoma kuapa, akasema yeye hajui mambo ya dukani.

Kwenye chumvi ndiyo nilitegemea nitapata heshima, maana chumvi tunayo. Bwawa la mashine hizi linataka gramu 3 mpaka 4 kwa lita. Ni kidogo. Bahari ina kama 35, machozi yako mwenyewe yana kama 9, kwa hiyo ukilia ndani ya bwawa la shemeji unaliongezea chumvi, na nimeshajiandaa. Lita 48,000 kwa gramu 4 ni kilo 192. Magunia manne ya kilo hamsini, kilo nane zinabaki za mboga. Na Uvinza ipo hapo kilomita mia na ushee. Nikapita kijiweni kwenye kahawa kutangaza kwamba Kigoma tutajitegemea.

Kijiwe kina wazee wake. Mmoja mstaafu wa reli, hajawahi kukubaliana na mtu tangu astaafu. Akaniambia chumvi ya Uvinza ilikuwa inapikwa kwenye vyungu kutoka chemchemi za maji chumvi zaidi ya miaka elfu iliyopita, wachimbaji wa mambo ya kale walishafukua wakaona. Akasema Stanley anamkuta Livingstone hapa Ujiji mwaka 1871, chumvi ya Uvinza ni mzoefu wa soko hili, inavuka ziwa mpaka Manyema. Wajerumani wakaja wakaweka kiwanda. "Na wewe leo," akasema, kikombe kiko hewani, "chumvi ya namna hiyo unaenda kuimwaga kwenye shimo la kuogea?" Kijiwe kizima kikanigeukia. Kashata niliyoilipia nikaiacha.

Halafu akanifuata kwa nyuma kunimalizia. Nimeangalia vyuma? Vyuma gani? Akaniuliza kama naijua Liemba. Nani haijui Liemba, mzee? Imejengwa Papenburg 1913, ikaletwa vipande vipande kwa meli na reli, ikaunganishwa hapa Kigoma. Wajerumani wenyewe wakaizamisha Julai 1916 Waingereza na Wabelgiji wasiipate, mashine zimepakwa grisi nzito. Ikaibuliwa 1924, mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina hili tunalolijua. "Unajua kwa nini iliibuka chuma na si kutu?" Grisi, mzee. "Grisi na nini?" Nikatulia. "Na maji yasiyo na chumvi, wewe. Ingezamishwa kwenye bwawa la shemeji yako wangeibua bawaba." Chumvi ya gramu 4 inakula bolti, inakula fremu za taa, inakula geti la bati linalorushiwa maji. Nikakumbuka ile ngazi ya kutokea. Nikaenda kuigeuza pale kwenye majani. Chini imeandikwa kwa kalamu nyekundu "chuma, rangi ya fedha". Haijaonja hata tone la chumvi na imeshaanza madoa.

Na chumvi yenyewe si yoyote. Mashine inataka iliyo safi, asilimia 99 na kitu, bila madini joto. Mimi nilishanunua paketi za dukani kwa Mangi za kuanzia, zote zenye madini joto, kuna picha ya mama anatabasamu. Mangi hazirudishi. Tunazo nyumbani, mchuzi umekuwa na mtazamo mpya.

Sasa sikia kitu ambacho hakimo kwenye boksi lolote, na hapa ndipo ninapomshangaa kila aliyewahi kuniambia hii ni kazi ya kununua tu. Maji yetu yanatoka ziwani. Ziwa letu halina chumvi ya kula lakini lina kimagadi chake, mengi ya madini hayo yanaletwa na mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu. Kipimo chake cha pH kinacheza karibu na 9. Bwawa linataka 7.2 mpaka 7.6. Tofauti inaonekana ndogo, eti pointi moja na nusu, mimi mtihani wa darasa la saba ningeililia. Lakini klorini kwenye pH ya 7.5 nusu yake ndiyo inayoua wadudu kwa nguvu. Kwenye pH ya 9 inabaki kama asilimia 3. Tatu! Gramu zangu 240 nilizozigombania mpaka nikaitwa mla cha juu, zinaogelea mle hazina kazi. Na mashine yenyewe kila inavyotoa klorini inapandisha pH tena, kwa hiyo inajichongea. Dawa yake ni kutia asidi ya haidrokloriki, ile ya kusafishia vigae, kidogo kidogo, unapima, unatia tena. Dumu la asidi nilikwenda kulibeba mwenyewe. Bodaboda wa kwanza alisoma dumu akaondoka. Wa pili hakujua kusoma, akaniuliza ni nini, nikamwambia, akaondoka. Nikatembea.

Madini hayohayo yanaganda kwenye sahani za mashine, ukoko mweupe ule wa kwenye birika. Kwa hiyo chukua mashine inayojisafisha, inayogeuza umeme chanya ukawa hasi kila baada ya saa kadhaa ukoko ukabanduka. Na uchukue ambayo ganda lake linaonyesha ndani, uone kwa macho. Na iwe na swichi ya kuzima yenyewe maji yasipopita, kwa sababu yale mapovu mengi ya ile penseli moja ni haidrojeni, na haidrojeni ikijikusanya ndani ya bomba si rafiki wa mtu. Na umeme wa kwetu nao unacheza, mji huu umelelewa na majenereta ya dizeli miaka na miaka, tumezoea taa kukonyeza, lakini mashine haikonyezwi, weka stebilaiza.

Na zile sahani zinakufa. Hilo kijana wa kaunta aliliongea kwa sauti ya chini sana. Zinakwenda miaka mitatu, mitano, wengine saba, halafu unanunua seli mpya, na seli ndiyo sehemu kubwa ya bei yote. Sisi huku ni mwisho wa reli, kilomita 1,250 na ushee kutoka Dar. Ukichukua jina ambalo hata Dar hakuna mwenye seli yake, siku ikifa umebaki na boksi la ukutani la kutundikia kanzu. Ndiyo maana nimeikataa ile ya bei nafuu yenye kioo kizuri kinachobadilika rangi. Iliniuma. Kile kioo nilikipenda kwa dhati.

Shemeji kakubali ya gramu 30. Kakubali baada ya kumuuliza mtu wa Muscat, aliyemwambia neno kwa neno nililomwambia mimi, na huyo wa Muscat kamwita injinia.

Fundi bomba alikuja kuweka njia. Mtu mpole, anaongea na bomba kuliko na watu. Filta inaoshwa kwa kurudisha maji nyuma, mara kwa mara, na yale maji machafu ya chumvi lazima yatoke nje. Akachora mstari na mguu. Ukatoka kwenye chumba cha pampu, ukapita chini ya ukuta wa shemeji, ukateremka. Mimi naufuata huku naitikia kwa kichwa, bosi wa mabwawa, mikono nyuma. Ukaja mpaka kwenye ua wangu wa mabua. Ukaingia. Ukasimama katikati ya matembele ya mama watoto, kando ya mchikichi aliopewa na mama yake mwaka tuliooana.

"Hapa ndipo maji yanapopenda," fundi akasema.

Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni na ungo. Hakusema kitu. Aliuliza tu hiyo chumvi nani kaichagua.

Nikampigia shemeji hapo hapo. Nikamweleza matembele, mchikichi, chumvi, mteremko, mama mkwe. Nikamwomba tugeuze bomba liende upande wa barabara, ni mita kumi tu za ziada na viungio viwili. Kwanza alinisikia vizuri sana, aliitikia "ehee" mpaka nilipotaja mita kumi. Hapo akaanza kusema "haloo". Haloo, haloo, shem, mtandao unakata. Ndugu yangu, mimi niko Rusimbi, nimesimama kwenye matembele, simu ina ufa na laini ya deni. Yeye yuko Muscat. Na mtandao unaokata ni wa kwake.